Kukaa Chini Ndani ya Bwato

Kila asubuhi Célestine alianika ndagala mbele ya nyumba yake, katika mtaa wa Kimanga, mjini Uvira. Aliwatandaza samaki hao wadogo juu ya mkeka wa matete. Binti yake Agnès alifukuza kuku kwa kijiti. Rémy, mdogo wake Agnès, alikuwa ameanza tu kusema vizuri. Naye alifukuza kuku, lakini mara nyingi ni yeye aliyewakanyaga samaki. Mume wa Célestine aliitwa Thaddée. Alikuwa fundi cherehani, akishona kwenye baraza ya duka karibu na soko.

Ilikuwa mwaka wa 1964. Uhuru ulikuwa na miaka minne. Watu wa Uvira waliupokea kwa ngoma, lakini sasa hakuna aliyecheza. Waasi walikuwa wameshuka kutoka milimani, upande wa Lemera. Askari wa serikali walikuwa wakirudi nyuma. Chumvi ilipotea sokoni. Watu waliongea kwa sauti ya chini hata ndani ya nyumba zao.

Asubuhi moja risasi zililia upande wa Mulongwe. Mtaa mzima ukakimbilia ziwani. Thaddée alibeba cherehani yake kichwani na kumshika Agnès mkono. Célestine alimfunga Rémy mgongoni kwa kitenge, akakaza fundo kwa nguvu zake zote.

Pale ufukoni palikuwa na bwato moja tu, mashua ya mbao yenye motere. Ilikuwa imejaa watu, mbuzi, magodoro na masufuria.

"Baba Agnès," Célestine alisema, "bwato imejaa. Angalia, maji iko karibu kuingia."

"Panda! Unataka tukufe hapa?"

Wakapanda. Hakuna aliyewapanga. Wanaume walikaa juu ya ukingo, miguu ikining'inia. Wengine walisimama wakishikana mabega. Thaddée aliweka cherehani juu ya rundo la mizigo. Nahodha alipiga kelele kwamba hawezi kuona mbele, lakini hakuna aliyemsikiliza.

Ziwa lilikuwa limetulia kabisa. Walikuwa bado karibu na ufuko, nyumba zikionekana vizuri, mlio mkubwa ulipotoka mjini. Moshi mweusi ukapanda juu ya soko.

"Ni kwetu!" mtu mmoja alilia. "Nyumba inawaka!"

Watu wote wakasimama kwa pamoja. Wote wakaegemea upande mmoja ili waone ni nyumba ya nani. Bwato ikalala ubavu, kisha ikapinduka.

Célestine alipoibuka alishika mbao. Ilikuwa tumbo la bwato, likielea juu chini. Alisikia miguu ya mtoto ikimpiga kiunoni. Mkono mmoja ulishika bwato, mwingine ulitafuta fundo la kitenge. Fundo lilikuwa limelowa na kukaza. Alivuta, likakaza zaidi. Mgongo wake ulikuwa ndani ya maji, na mtoto alikuwa mgongoni.

Wavuvi walikuja na mitumbwi yao. Walimvuta Célestine, wakamvuta Thaddée, ambaye Agnès alikuwa amemng'ang'ania shingoni. Kwenye mchanga walilikata fundo kwa kisu cha samaki. Rémy alikuwa amekwisha kufa.

Walimzika siku hiyohiyo, nyuma ya kanisa. Padri alikuwa amekimbia. Hakuna kengele iliyolia. Majirani wachache walikuja, wakarudi upesi, kwa sababu kila mtu aliogopa njia.

Tangu siku ile Célestine hakuanika samaki. Alikaa ndani, mlango umefungwa. Thaddée ndiye aliyesema "panda", na neno hilo lilikaa kati yao kama mtu wa tatu ndani ya nyumba.

Jirani yao mmoja aliendelea kuja. Jina lake lilikuwa Gloriose, lakini watu walimwita Mama Spès. Alizaliwa Luberizi, kwenye bonde la Ruzizi, na alikuwa mfanyabiashara wa mawese. Miaka mingi alivuka ziwa kwenda Bujumbura na kurudi. Alileta ugali na lengalenga, mboga ya majani, akakaa chini karibu na Célestine mpaka ale.

Siku moja alimwambia:

"Ihangane, Mama Agnès. Vumilia. Nimekuja kwa sababu vita inarudi. Banasema ndege zitapiga muji. Libérat anavusha batu Bujumbura, na bwato yake ni nzuri. Twende pamoja."

"Minye siingii tena mu bwato," Célestine alijibu. "Ziwa ilikula mutoto wangu."

Mama Spès alimsogelea. Kisha akasema polepole, "Nitakuambia neno ya uchungu, usinikasirikie. Siku ile ziwa ilikuwa imelala. Ni batu ndio walisimama."

Thaddée, aliyekuwa mlangoni, aliinamisha kichwa.

Mama Spès alimwomba Agnès alete beseni la maji, kibakuli cha kibuyu na magunzi ya mahindi. Akakiweka kibakuli juu ya maji.

"Hii ni bwato. Magunzi ni batu. Agnès, wasimamishe."

Agnès aliyasimamisha magunzi, yakiegemeana. Mama Spès aligusa kibakuli kwa kidole kimoja tu. Kikapinduka.

"Sasa walaze chini, katikati."

Agnès aliyalaza. Mama Spès aligusa tena, kwa nguvu zaidi. Kibakuli kiliyumba, kikarudi sawa.

"Ongeza magunzi," alisema. Agnès aliongeza, akaongeza, mpaka maji yakafika ukingoni. Hata kabla ya kuguswa, kibakuli kilikunywa maji na kuzama.

"Unaona, Baba Agnès? Bwato iko na kipimo yake. Ikijaa, unabaki, hata kama risasi inalia. Ukibaki unaweza kukimbilia shamba, unaweza kujificha. Mule ndani ya maji utajificha wapi?"

"Na ikipinduka?" Thaddée aliuliza.

"Shika bwato. Mbao haizami. Usiiache, usiogelee kutafuta ufuko, ufuko iko mbali kuliko macho inavyosema. Minye nafungaka kibuyu kitupu, chenye kuzibwa vizuri, karibu na mahali nakaa. Kibuyu inaelea. Muntu akiishika, haendi chini."

Célestine alikuwa akitazama beseni. Ndipo akauliza jambo ambalo lilikuwa moyoni mwake tangu mwanzo.

"Na kitenge?"

Mama Spès alimshika mkono.

"Mu bwato mutoto hafungwi mgongoni, Mama Agnès. Anakaa mbele, juu ya mapaja, unamushika na mikono. Kitenge inabaki wazi."

"Hakuna muntu aliniambia."

"Hakuna. Hata minye sikuzaliwa najua. Nilijifunza kwa kilio ya muntu mwingine."

Célestine alilia, na kilio chake kilisikika nje. Thaddée aliingia, akakaa chini kando yake. Alilia naye.

Mwishowe Célestine alikubali kuvuka. Waliondoka asubuhi na mapema, kabla upepo haujaamka. Libérat, nahodha, alikuwa mtu mfupi mwenye sauti kubwa. Alisimama mbele ya bwato yake akiwaita watu mmoja mmoja. Mizigo mizito aliiweka chini, katikati. Wazee na akina mama wenye watoto aliwakalisha hapohapo. Mtu mmoja aliyeitwa Onesphore alikuwa na sigara mdomoni.

"Zima," Libérat alimwambia. "Petroli iko hapa."

"Nimekaa mbali."

"Mu bwato hakuna mbali."

Onesphore aliizima. Watu wengine walikuwa bado ufukoni wakiomba kupanda. Libérat alikataa. Aliahidi kurudi kesho. Mwanamke mmoja alimlaani. Célestine aliinamisha uso wake. Hakuweza kumtazama yule mwanamke, lakini hakusema "mwachie nafasi".

Walipofika katikati ya ziwa, upepo uliamka. Mawimbi yalirusha maji ndani. Thaddée na wanaume wengine walipokezana kopo la kutoa maji, kila mtu akiwa amekaa mahali pake. Kijana mmoja wa kike alishikwa na kichefuchefu, akataka kuinuka atapike nje. Mama Spès alimpa sufuria tupu. "Tapika humu, mwanangu. Hakuna haya. Usiinuke."

Kisha wakasikia ndege.

Ilitoka kaskazini, chini chini, na mlio wake ukajaa juu ya maji. Bwato yote ilishtuka. Célestine alisikia mwili wake mwenyewe ukitaka kusimama. Onesphore alikuwa tayari amepiga goti, akishika ukingo.

Thaddée alimkamata shati. "Kaa chini, ndugu."

"Itatupiga! Niache niruke!"

"Kama itatupiga, itukute tumekaa. Weye ukisimama, utatuua mbele yake." Kisha akasema kwa sauti ambayo Célestine hakuwahi kuisikia: "Nilizika mutoto sababu ya kusimama. Kaa chini."

Onesphore alimtazama. Akakaa. Hakuna mwingine aliyesogea. Célestine alikuwa amemkumbatia Agnès mbele yake, na midomo yake ilisema Salamu Maria bila sauti. Ndege ilipita juu yao, kivuli chake kikapita juu ya vichwa vyao, ikaenda kusini.

Walifika ufuko wa Burundi jua likiwa juu. Watu wote walishuka wazima. Hata kushuka, Libérat aliwashusha mmoja mmoja, kwanza waliokuwa karibu na ukingo, ili bwato isiyumbe. Wengine walipiga magoti wakaimba. Célestine hakuimba. Alikaa mchangani akatazama milima ya ng'ambo, ambako kaburi dogo lilibaki peke yake. Thaddée alimfunika mabega kwa koti lake.

Waliishi Bujumbura, katika mtaa wa Buyenzi, kwa muda mrefu. Thaddée alishona kwa cherehani ya mtu mwingine. Hayakuwa maisha mazuri, ila waliishi. Vita ilipopungua upande wa Uvira, watu walianza kurudi, na wao pia wakarudi, kwa bwato ya Libérat ileile.

Siku ile ya kurudi, abiria walikuwa wamekwisha kukaa. Hakuna nafasi iliyobaki. Ndipo akaja mwanaume mmoja, amevaa kofia nzuri, pamoja na mke wake, mabunda na baiskeli.

"Libérat, rafiki yangu," alisema, "sogeza batu kidogo. Tuko wawili tu."

Libérat alisita. Walikuwa wanafahamiana. Alianza kutazama nani anaweza kusogea.

"Apana," Célestine alisema.

Mwanaume yule aligeuka. "Weye ni nani? Bwato ni yako?"

"Bwato si yangu. Mutoto iko mu kaburi ndiye wangu. Bwato imejaa, baba. Ungojee ingine."

Yule mwanaume alimtukana, na alimtukana vibaya. Thaddée alikaza mikono juu ya magoti yake lakini hakuinuka. Abiria wengine wakaanza kusema mmoja baada ya mwingine, "Imejaa, baba. Imejaa." Libérat akawasha motere.

Walifika Kalundu, bandari ya Uvira, salama, ingawa upepo wa siku ile uliwachelewesha na mawimbi yalikuwa makubwa.

Kesho yake Célestine alikwenda bandarini kununua ndagala wabichi wa kuanika. Bwato nyingine ilikuwa imefika. Yule mwanaume alishuka, kofia yake kichwani, baiskeli begani, mke wake nyuma yake. Nguo zao zilikuwa kavu.

Alimwona Célestine. Alipita mbele yake bila kumsalimu, akashika njia ya mjini akisukuma baiskeli yake. Célestine aliwatazama yeye na mke wake mpaka walipopotea kati ya nyumba, kisha akainama kuchagua samaki.