Akilala Chali, Usimguse

Kwanza ulikuja mwasho. Kila aliyefunua kile kisanduku cha kioo alijikuna hadi viwikoni, kwa sababu yule buibui, mkubwa wa kujaa kiganja na mwenye manyoya kama brashi ya viatu, akiudhika hujisugua mgongo kwa miguu ya nyuma na kurusha vinyweleo hewani. Dada alijikuna siku tatu. Mfamasia aliyemleta alijikuna njia nzima. Mdogo wake dada, ambaye ndiye aliyezamisha mkono mzima kurekebisha bakuli la maji, hakujikuna hata mara moja.

"Una ngozi ya mamba wewe," dada alimtania.

"Labda," alijibu, akafunika kisanduku.

Ilikuwa miezi mitano tangu mkewe afie hospitalini. Yeye mwenyewe alikuwa fundi wa lifti, mtu wa maneno mengi, lakini mazishini alisimama kama anayesubiri zamu yake ifike. Dada, fundi wa meno bandia, alimchukua akaishi naye kwenye vyumba vyake viwili. Hakutaka makuu. Alitaka mdogo wake alie, japo mara moja, maana kilio kikikaa ndani kinamla mtu. Mfamasia jirani, mfugaji wa wadudu, akaleta dawa yake.

"Akipata kiumbe cha kutunza, atarudi," alisema.

"Wenzetu wanafuga kuku, wanakula mayai. Sisi tutapata nini?"

"Utulivu, dada yangu."

Aliacha na karatasi ya maelekezo kwa wanaoanza. Usimshike. Maji yasikauke. Mende mmoja kwa wiki. Akikataa kula hata miezi miwili, usihofu. Na chini kabisa, kwa wino mwekundu: akilala chali, usimguse, hajafa, anajivua gamba.

Basi, mende aliwekwa, mende akazeeka humo humo. Wiki ya sita buibui alikuwa hajala kitu, na alikuwa amenenepa. Chumba kikaanza kunuka chuma kilicholoa. Kila jioni mdogo mtu akitoka kazini alikaa mbele ya kioo akinong'ona, na dada akiwa jikoni alisikia miguu ikigonga kioo taratibu, ta, ta, ta, kisha kimya, kisha ta.

Siku moja alisikia harufu ya nyama ikiungua. Mdogo wake alikuwa anapiga pasi shati, kiganja cha kushoto kikiwa chini ya pasi.

"Mkono wako! Wewe! Mkono!"

"Ala," alisema, akainua pasi kama mtu aliyekumbushwa kuzima taa.

Dada alimfunga kitambaa huku yeye ndiye anayelia. Akasema, ili tu aseme kitu, "Leo ingekuwa siku ya kuzaliwa ya mkeo."

"Ya nani?"

"Ya mkeo!"

Alifikiri sana. "Ah. Yule marehemu. Alikuwa mweupe au mweusi?"

Hapo dada aliogopa, si kidogo. Kesho yake aliaga kazini mapema, akaingia nyumbani viatu mkononi, akasogea hadi mlango wa chumba uliokuwa wazi kidogo, na kupitia upenyo ule alimwona mdogo wake amepiga magoti, mkono wake wenye kidonda ndani ya kisanduku, na buibui amemkalia juu ya mshipa, hasogei, na kutoka pale pale, si kwenye kinywa cha mtu, ikatoka sauti ndogo kavu iliyosema, "Bado. Nipe na ile ya hospitali, mkeo alipokushika kidole akakuomba maji," na mdogo wake, kwa uso usio na kitu, akajibu, "Chukua."

Mganga aliyeitwa alikuwa mwanamke wa makamo mwenye kikohozi na haraka zake. Alinusa chumba, akamvuta dada kando.

"Jini huyu hajamwingia mdogo wako. Angemwingia, ningemtoa nikaenda zangu. Anakaa ndani ya mdudu, na mdogo wako anamlisha uchungu wake kwa hiari."

"Mpaka lini?"

"Mpaka asahau kumeza. Uchungu hauchomoki peke yake, unatoka na mizizi ya mengine." Akakohoa. "Mdudu akijivua gamba, jini anabaki hana nyumba. Hapo ndipo nitamfukuza. Mdudu asiguswe wakati huo, maana jini atamshika atakayemgusa. Mdogo wako akimgusa tena, hamna mtu hapo."

Walisubiri siku tisa. Ijumaa, saa tatu asubuhi, buibui alilala chali miguu juu. Mganga akafukiza ubani, akaanza kusoma. Gamba likapasuka kifuani, mwili mpya ukaanza kujisukuma nje, laini, umelowa, na kwa kila mguu uliochomoka mdogo mtu alijikunja zaidi sakafuni, kwanza akashika kiganja kilichoungua akilia kwa maumivu, halafu akashika kifua, halafu akatoa ukelele ambao dada alikuwa ameuombea miezi yote ile na sasa alitamani usiendelee hata dakika moja.

"Mke wangu! Aliniomba maji! Walinikataza nisimpe, dada, nikawasikiliza!"

"Lia, mdogo wangu. Lia."

"Siwezi! Chukua tena! Naomba uchukue uchungu huu!"

Akainuka mzima mzima, akarukia kisanduku. Mganga alimshika shati, likachanika. Mkono ulishaingia, vidole vinatafuta, shubiri moja hadi kwa mdudu. Dada hakufikiri. Alitia mkono wake upande wa pili na kumfunika buibui kwa kiganja.

Ta, akasikia, ndani ya mfupa.

Buibui alibaki chini ya kiganja, mdudu tu, amepondeka, amekufa. Harufu ya chuma ilikuwa imetoka. Mdogo mtu alimwangukia dada mapajani, akalia kilio cha mtu mzima, kamasi na mate, akimtaja mkewe, kicheko chake, kanga zake, namna alivyokuwa anakoroma. Yote yalikuwepo. Amerudi.

"Dada, usiniache," alisema. "Nisamehe. Usiniache."

Mganga alichuchumaa, akamtazama dada machoni.

"Mwanangu, unajisikiaje?"

Dada alitafuta. Alijua furaha ilipaswa kuwa pale, na huruma kando yake. Alipapasa kote, hakukuta kitu. Alimwona mwanamume analia mapajani pake, anamlowesha sketi.

"Saa nne imepita," alisema. "Kuna meno ya mteja yananisubiri."

Akakiinua kichwa cha mdogo wake kwa mikono miwili, akakilaza sakafuni, akaenda kutafuta viatu.