Ndege wa Pembe ya Dirishani

Kila siku akirudi kutoka shuleni, Odile Theriault alivua buti zake zenye theluji mlangoni, akabandika birika jikoni, kisha akaketi karibu na bibi yake kumsomea gazeti. Bibi aliitwa Memere, kama walivyoitwa bibi wengi wa mji wa Pelletier Mills. Memere hakutaka habari za siasa wala za michezo. Alitaka ukurasa wa vifo.

"Haya, nani katuacha leo?" aliuliza, kikombe kikiwa katikati ya viganja vyake.

Odile alisoma jina, na Memere akatoa hukumu. Huyu alikuwa mtu mwema. Yule alikuwa mchoyo, hata sadaka ilimtoka kwa machozi. Na huyu naye hakujua kucheza dansi hata kidogo, lakini hakukosa dansi hata moja. Odile alicheka mpaka chai ikampalia.

Kwa miaka thelathini na minne, kabla kiwanda cha viti kando ya mto hakijafungwa, Memere alifanya kazi humo ya kupiga violezo. Kiolezo ni karatasi ngumu iliyokatwa umbo la ua au ndege. Unakilaza juu ya mbao, unagongagonga rangi kwa brashi fupi, na ukikiinua, ua limebaki kwenye mbao. Siku hizi kisukari kilikuwa kimemharibu macho, na vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi. Daktari aliwaambia baba na mama jambo ambalo Odile hakuambiwa. Alilijua hata hivyo, kwa sababu mama alikuwa akiosha vyombo ambavyo tayari vilikuwa safi.

Mwezi wa pili, baba alinunua meza kuukuu katika soko la vitu vilivyotumika, chini ya kanisa. Miguu yake ilikuwa imara, lakini uso wake ulikuwa umechakaa vibaya: alama za vikombe, mikwaruzo, na juu yake nta ya miaka mingi iliyopakwa na wanawake waliopenda meza ing'ae. Baba aliishusha kwenye chumba cha chini ya nyumba, karibu na tanuri la kupasha nyumba joto, kwa kuwa rangi haikauki penye baridi. Memere naye akaomba ashushwe. Alishuka ngazi moja baada ya nyingine, baba kamshika mkono.

"Nataka nikuachie kitu, Odile," alisema. "Pesa sina, unalijua hilo. Basi meza hii tutaitengeneza mimi na wewe. Wewe utasugua na kuipaka rangi nyeusi. Mimi nitapiga ndege."

Alifungua mkebe wa biskuti, akatoa kiolezo alichokikata mwenyewe alipokuwa msichana kiwandani. Kilikuwa cha ndege aliyebeba tawi mdomoni. Kila pembe ya meza ingepata ndege mmoja.

Kisha akamfundisha kazi. Rangi haishiki juu ya nta, kwa hiyo nta yote lazima itoke. Unaosha kwa spiriti, unasugua kwa msasa, halafu unadondosha maji. Tone likisimama kama ushanga, nta bado ipo. Likitandaa na kunywewa na mbao, uko tayari.

"Zamani nilijua kwa kugusa," Memere alisema. "Sasa vidole vyangu havisikii kitu. Vidole vyangu ni wewe."

Siku ya kwanza Odile alianzia pembe iliyokuwa karibu na kidirisha. Alijitia kazini kwelikweli. Vumbi lilimjaa puani, bega likamuuma, na kufikia saa ya chakula sehemu yenye ukubwa wa sinia ilikuwa imebaki mbao tupu, safi. Alidondosha tone la maji. Lilitandaa. Alipaza sauti kutoka chini kumpa Memere habari, na Memere akagonga sakafu kwa mkongojo wake kumpongeza.

Siku ya pili alikuja Tessa, rafiki yake wa darasani, viatu vya kutelezea kwenye barafu vikining'inia shingoni.

"Barafu ya bwawani ndiyo inaishia hivyo," Tessa alisema. "Jumatatu wanaweka kamba, haingii mtu tena. Au umeshazeeka, umekuwa fundi wa meza?"

Odile aliitazama meza. Sehemu iliyobaki ilikuwa kubwa mno. Akajisemea moyoni kwamba rangi nyeusi huficha kila kitu. Akapitisha msasa juujuu, huku na huku, kama mtu anayefukuza nzi, akakimbilia bwawani. Aliteleza mpaka mashavu yakamwaka kwa baridi.

Aliporudi, Memere alikuwa akimsubiri kwenye kiti chake.

"Umeimaliza?"

"Ndiyo, Memere."

"Na tone la maji?"

"Limetandaa."

"Kote?"

"Kote."

Memere alinyoosha mkono, akautafuta uso wa mjukuu wake, akaupapasa. Hakuuliza tena. Siku iliyofuata Odile alianza kupaka rangi.

Meza ilipendeza mno. Rangi nyeusi ilikaa juu yake kama maji yaliyotulia, na hakuna ambaye angeweza kujua kilichokuwa chini. Mwezi wa tatu ulipoanza, Memere hakuweza tena kushuka ngazi, na baba akawa anambeba mgongoni. Kwa siku nne, kila siku alipiga ndege mmoja wa rangi ya dhahabu. Odile alikishika kiolezo kisisogee, na Memere alifuta brashi kwenye kitambaa mpaka ikawa karibu kavu. Brashi ikilowa, alisema, rangi hupenya chini ya karatasi na ndege anageuka bata. Ndege wa nne alimchukua muda mrefu. Alipumzika mara tatu kabla ya kummaliza.

"Niambie wakoje," alisema.

"Wazuri, Memere. Wote wanne wanatazama katikati, kama wanaongea."

Memere alitabasamu, machozi yakamlengalenga. Odile alikuwa na neno kooni. Alitaka kumwambia kuhusu nta. Lakini angemwambiaje mtu aliyefurahi namna ile? Akalimeza.

Siku tisa baadaye Memere alifariki, asubuhi, kabla birika halijachemka. Jioni iliyofuata Odile aliketi jikoni na gazeti. Alisoma jina halisi la Memere, Lucienne Theriault, katika ukurasa ule ule, kisha akalikunja gazeti, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kutoa hukumu.

Mwezi wa tatu ardhi ya huko bado imeganda kama chuma, na kaburi halichimbiki. Wanaokufa majira ya baridi huombewa kanisani, kisha majeneza yao huwekwa katika nyumba ndogo ya mawe makaburini kungoja mwezi wa tano. Kwa hiyo siku ile ibada ilifanyika, watu wakaja nyumbani kula, lakini mazishi yakangoja. Odile aliumia zaidi kumfikiria Memere akiwa kule peke yake kwenye baridi.

Meza ilikuwa imepandishwa sebuleni ili wageni waione kazi ya mwisho ya marehemu. Mama alitoka jikoni na chungu cha maharage, moto kutoka kwenye oveni, na kwa majonzi aliyokuwa nayo akasahau kutandika kitambaa. Bi Fernande, mzee aliyekaa benchi moja na Memere kiwandani kwa miaka ishirini, alikiinua chungu ili apakue. Chungu kilinyanyuka na rangi. Bonge zima la weusi lilibanduka pamoja nacho, na ndege mmoja akapasuka vipande viwili. Mtu akaleta kitambaa kibichi kufuta, na rangi ikazidi kujikunja kama utando wa maziwa yaliyochemka. Ndege wa pili akaenda nayo.

Bi Fernande alishusha pumzi.

"Maskini Lucienne," alisema. "Kiwandani hakuna kiti chake hata kimoja kilichowahi kurudishwa. Kumbe mwishoni hata mkono ulimkimbia."

Watu walitikisa vichwa kwa huruma. Odile alikuwa amesimama katikati yao, sahani mikononi. Sentensi moja tu ingetosha. Hakuisema. Aliingia stoo, akafunga mlango, akasimama gizani kati ya chupa za achari.

Asubuhi alisikia mlango wa mbele ukifunguliwa. Baba alikuwa ameibeba meza, anaipeleka kwenye gari lake ili akaitupe jalalani. Mama hawezi kuiangalia, alisema. Odile alimfuata nje akiwa na soksi tu, juu ya theluji.

"Baba, si Memere."

"Si Memere nini?"

"Hakukosea. Ni mimi. Nilisugua pembe moja tu, nikaenda kuteleza na Tessa. Memere aliniuliza kama maji yametandaa kote, nikamwambia ndiyo."

Baba aliishusha meza taratibu. Odile alisubiri kukemewa, na laiti angekemewa.

"Wiki ile aliniambia habari zako," baba alisema, sauti ikiwa chini. "Alisema, Odile kaisugua meza yote peke yake, mtoto huyu ana mkono wa kazi. Alikuwa anajivunia, Odile. Alinirudia hayo hayo kitandani mwake, siku za mwisho."

Hapo Odile alilia kilio ambacho hakuwa amekilia hata kanisani. Baba alimwacha alie. Aliinama, akaanza kupitisha ukucha wa dole gumba kwenye kingo za meza. Kila alipogusa, rangi ilibanduka, na ndege wa tatu naye akang'oka. Alipofika pembe ya mwisho, ukucha uliteleza. Alikwaruza tena kwa nguvu. Rangi haikutoka, wala ndege.

"Hii ni pembe ipi?"

"Ya dirishani," Odile alisema. "Ile niliyoisugua."

Baba aliiinua meza, akairudisha ndani. Alimwambia Odile aitengeneze yeye mwenyewe, mwanzo hadi mwisho. Ila kabla hajagusa msasa, aende kwa Bi Fernande.

Zilikuwa nyumba kumi na moja tu hadi kwake, lakini njia haikuwahi kuwa ndefu vile. Bi Fernande alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni, mkono kwenye kitasa.

"Nimemsema vibaya marehemu mbele ya watu wote wale," alisema. "Na wewe ulikuwa pale, unanisikia."

"Ndiyo."

Bi Fernande alimtazama hadi Odile akainamisha macho. Kisha akafungua mlango zaidi, akamwambia aingie anywe kitu cha moto, miguu isije ikaganda.

Mwezi wa nne wote Odile alikuwa chini. Alibandua, akaosha kwa spiriti, akasugua, akifika kwenye ile pembe anaizunguka kwa uangalifu kama anayepita karibu na mtoto aliyelala. Tessa alikuja mara moja kumwita wakaendeshe baiskeli. Odile akamwambia si leo, na Tessa, badala ya kuondoka, akaketi kwenye ngazi na kumpigia soga. Jioni moja Odile alidondosha maji sehemu sita. Matone matano yalitandaa. Moja likasimama kama ushanga. Hapakuwa na mtu wa kumuuliza, na hilo ndilo lililomuuma zaidi ya bega lake. Akachukua spiriti, akaanza upya sehemu ile.

Rangi nyeusi mpya ilipokauka, ndege watatu wapya walipigwa kwa kiolezo kile kile, Odile akiwa na brashi, Bi Fernande akishika karatasi. Wa kwanza alifanana kidogo na bata. Wa tatu alikuwa nafuu.

Mwezi wa tano ardhi ililegea, nao wakamzika Memere. Watu wakarudi nyumbani kama mara ya kwanza, na meza ilikuwa sebuleni. Kabla chakula hakijaletwa, Odile alisimama kando yake. Sauti ilimkatikakatika, lakini aliwaambia wageni wote kwamba mkono wa bibi yake haukuwa umekosea chochote, kwamba kosa lilikuwa chini ya rangi, na kosa hilo lilikuwa lake. Mama alimkumbatia.

Bi Fernande alisogea mezani. Aliweka kidole juu ya ndege wa pembe ya dirishani.

"Njoo, Odile," alisema. "Bibi yako hakuwa na macho wala vidole. Kazi yake ya mwisho aliiweka juu ya neno lako. Pale neno lako lilipokuwa kweli, kazi yake ipo mpaka leo. Pale ulipomdanganya, imekwenda, na hakuna wa kuirudisha. Mtu akikuamini, anajenga juu yako. Ulikumbuke hilo kila utakapoulizwa kama umemaliza."

Odile aliwatazama ndege wake watatu, wenye mabawa mazito, kisha yule mmoja mwembamba wa dhahabu, tawi lake mdomoni.

"Wangekuwepo wote wanne," alisema.

"Wangekuwepo," Bi Fernande alijibu.

Hakumficha wala hakulainisha. Alivuta kiti, akakiweka kwenye pembe ile ya ndege wa Memere, akamwambia aketi ale.