Simu ya Saa Moja Jioni

Mshonaji alikutana na fundi friji kwenye foleni ya benki, siku mtambo ulipogoma na watu wakabaki wakijipepea kwa karatasi. Alivaa gauni la kijani alilolishona mwenyewe. Fundi akamkanyagia pindo, likafumuka.

"Una macho au matundu?"

"Macho ninayo, bibie. Yalikuwa usoni kwako."

Akacheka bila kupenda. Ndivyo walivyoanza.

Miezi mitano ilikuwa raha, isipokuwa jambo moja. Kila fundi alipomwalika kula baada ya kazi, mshonaji aliagiza maji tu. Saa moja kamili simu yake iliita, akatoka nje, akarudi akipangusa midomo.

Jumamosi hiyo fundi alikuja na shati jeupe lililonyooshwa kwa pasi, akaagiza sahani mbili bila kuuliza. Simu ikaita.

"Kaa. Mpokee hapa hapa nimsikie."

"Nimpokee nani?"

"Huyo mwenye zamu ya saa moja!"

Miezi mitano mshonaji alificha ili asimtie hofu, na mavuno yake ndiyo haya, wivu! Tena njaa ilimuuma, na harufu ya nyama ilimkejeli. Akafungua mkoba, akabwaga boksi la dawa mezani.

"Haya, mpokee wewe! Nina saratani ya damu, ile ya polepole. Simu inanikumbusha vidonge. Saa mbili nzima kabla yake sili, na saa moja baada yake sili. Vikikutana na chakula vinaweza kunidhuru moyo. Umeridhika?"

Fundi akauliza polepole, "Utakufa lini?"

"Wewe! Ndivyo watu wanavyouliza?"

"Sijui watu wanaulizaje."

"Zamani ilikuwa inaua ndani ya miaka michache. Siku hizi kuna vidonge hivi. Huu ni mwaka wangu wa nne, na kwenye vipimo vya juzi ugonjwa karibu hauonekani. Daktari anasema nisiporuka dozi, nitazeeka nikigombana na watu kama wewe."

"Kwa hiyo mimi nakula peke yangu kama mlinzi lindoni, wewe una njaa, na husemi?"

"Ningesema ungekimbia."

"Umenipima kwa futi ya nani?"

Mshonaji alimpima kwa futi ya mwanamume aliyemtangulia, ambaye aliposikia neno saratani alibadilisha namba ya simu.

Mshonaji akameza vidonge. Fundi akafunika sahani zote mbili.

"Kula wewe," mshonaji akasema.

"Sili. Nataka nikuoe."

"Sijibu maswali na njaa."

"Nitasubiri."

Wakakaa wamenuniana saa nzima. Muda ulipotimu, mshonaji alivuta sahani akala matonge matatu bila kuinua uso.

"Nakubali," akasema mdomo umejaa. "Lakini Jumatatu tunakwenda wote kliniki. Na daktari humuulizi swali lile."

"Namuuliza," akasema fundi, naye akavuta sahani yake.