Jibu Lililofichwa Chini ya Blanketi

Pwata. Pwata. Pwata.

Ndala zilikuwa zinatembea gizani kwenye sakafu ya saruji, taratibu, bila wasiwasi. Mpiga pasi alizisikia akiwa bado nje, mkono mmoja kwenye kitasa, wa pili umemshika binti yake.

Umeme ulikuwa umekatika jioni ile. Pasi zote kule kwa dobi zilipoa, tajiri akawaruhusu waende nyumbani, naye akampitia mwanawe kwa jirani. Ndani alitakiwa kuwemo mumewe peke yake, na mumewe hakuwa mtu wa kutembea. Tangu aanguke kwenye ngazi akipaka rangi nyumba ya watu, alikuwa wa kugeuzwa, kulishwa na kuogeshwa.

— Mama, kuna mwi...

— Shh!

Mfuniko wa sufuria ulilia. Mwizi akala. Akafyonza mfupa mmoja baada ya mwingine, akalamba vidole, kisha akacheua kwa raha zake. Mcheuo ule mpiga pasi aliujua. Alikuwa amelala nao kitanda kimoja tangu aolewe.

Akagonga.

— Hodi!

Pwatapwatapwata! Kitanda kikalia kwaa.

— Nani huyo? — sauti ya mgonjwa ikatoka, nyembamba kama uzi.

— Mimi.

Aliwasha tochi ya simu. Mumewe alikuwa amejifunika hadi kidevuni, midomo inang'aa mafuta.

— Mbona mapema, mama watoto?

— Umeme.

— Meseji yangu uliipata?

Aliipata. Ilikuwa bado kwenye kioo cha simu: "Mke wangu usisahau dawa ya kuchua. Leo maumivu yamezidi, sijui kama nitafika kesho. Nakupenda."

— Niliipata.

— Basi nisogezee beseni kwanza. Mkojo umenibana, nakaribia kufa.

Beseni. Kila alfajiri alilibeba amebana pumzi, akalimwaga, akalisugua, huku anaomba: Mungu, msimamishe mume wangu. Alikuwa amefunga mpaka sketi zikamlegea kiunoni. Jana ndipo alipochoka. Binti yake alipopiga magoti, alimwambia, "Mungu ana kazi nyingi, mwanangu, tulale." Mtoto akaomba peke yake. Yeye akageukia ukuta, akiamini mbingu imemfungia mlango.

Alifunua blanketi. Mguu mmoja ulikuwa mtupu, unyayo mweusi kwa vumbi. Mguu wa pili ulikuwa bado umevaa ndala.

Aliimulika ile ndala.

— Hii ndala nani kakuvalisha?

— Eh... miguu ilikuwa baridi.

— Mguu mmoja?

Kabla hajajibu, mama mkwe, anayekaa nyumba ya uani, aliingia na taa ya chemli.

— Mkwe, umerudi? Haya, huyo Mungu wako yuko likizo mpaka lini? Nilikwambia tutafute mganga, ukajifanya mlokole kuliko wachungaji. Mwanangu anaozea hapa!

Simu ikaita chini ya mto. Mgonjwa aliirukia, lakini mkewe alikuwa na mkono wa kushika pasi ya moto. Akaiwahi, akabonyeza spika.

— Wewe mwanaume, — sauti ya kike ikadeka, — mkeo bado hajarudi? Kesho sibebi tena chupa ya mafuta kuja kujifanya nakuchua. Njoo kwangu kwa miguu yako kama juzi. Kwa mbio zile, mgonjwa gani wewe! — Kicheko kikafuata.

Mama mkwe aliitambua sauti ya mchuaji, yule dada wa mchana ambaye yeye mwenyewe alikuwa akimkaribisha na kumfungia mlango "ili mgonjwa asipigwe na upepo." Akamsogezea mwanawe taa usoni.

— Simama, — alisema.

— Mama, siwezi...

— Nimekubeba chooni na mgongo wangu huu wa kizee! Simama, mchafu wewe!

Akasimama. Wima, bila hata kushika ukuta, binti yake akimtazama kutoka mlangoni.

— Toka lini? — mkewe aliuliza.

— Nilipona kitambo. Nilitaka kukwambia, nikaona unavyonihudumia kwa upendo... nikazoea. Ni shetani tu, mke wangu.

— Shetani hajui hata beseni liko wapi kwenye nyumba hii.

Aliitazama ile miguu. Siku ya posa kiatu cha mpiga pasi kilikatika njiani, na mwanaume huyu akamvua, akampa vyake, akatembea peku hadi kwao huku watoto wakimcheka. Miguu ile ile.

— Nililia mbele za Mungu nikidhani hanisikii. Jana nilikataa kuomba! Kumbe alishanijibu kitambo, wewe ukalificha jibu langu chini ya blanketi, ukalilalia.

Mwanaume alipiga magoti.

— Niombee basi. Wewe maombi yako yanasikika.

— Nitakuombea. Lakini ukiwa nje ya nyumba hii. Ondoka, na ndala yako ya pili kaitafute jikoni.

— Mama, mwambie!

— Niseme nini? — Mama mkwe alisonya kwa nguvu. — Na hilo beseni ondoka nalo, usije ukazidiwa njiani.

Akatoka. Pwata, pwata, pwata, mpaka getini, mpaka ndala zisisikike tena.

Mama mkwe aliketi ukingoni mwa kitanda, akanyanyuka upesi kana kwamba shuka limemuuma.

— Mkwe, nimemtukana Mungu wako bure.

— Hata mimi nilimnunia, mama. Nisaidie tutoe hili godoro nje.

Waliliburuta wawili, wanatema mate. Waliporudi, walimkuta binti amepiga magoti kwenye sakafu tupu, macho ameyafumba kwa nguvu. Mpiga pasi alitaka kumnyanyua, amweleze uongo wa baba yake. Akashindwa. Akapiga magoti pembeni yake, na kwa mara ya kwanza tangu jana akafumba macho. Bibi naye akaweka taa chini.

Mtoto akasema kwa sauti:

— Mungu, asante, baba ametembea.