Mke Aliyeachwa Nje ya Mahubiri

Kijiko kiligonga ukingo wa kikombe mara tatu, kikanyamaza, kisha kikagonga kikombe kingine. Nje bado giza. Nilikuwa natafuta kandambili zangu kwa mguu pale mkwe wangu aliposukuma mlango, shuka mabegani.

"Mama, umesikia?"

"Nimesikia kijiko, mwanangu."

"Vikombe viwili. Cha mume wangu na cha huyo mkalimani wake. Cha mkalimani anakikoroga sana, sukari ikolee. Mimi na miaka yangu tisa ya ndoa, muulize kama anajua nakunywa vijiko vingapi."

"Vingapi?"

"Mama! Mimi situmii sukari!"

Nikageukia ukutani nisionekane nikicheka.

Mwanangu ni mchungaji. Misheni ilimleta nchi hii ya ugenini miezi minane iliyopita, yeye, mkewe na binti yao wa miaka sita tunayemwita Kidosho. Na mimi niling'ang'ania kuja, maana mjukuu hajazoea kulala bila bibi yake. Hatujamaliza hata kufungua masanduku, ghasia zikaanza. Matairi yakachomwa barabarani, maduka yakawa yanafunguliwa nusu siku, simu leo ipo kesho haipo.

Mwanangu alihubiri kwa lugha yetu, na dada mmoja mwenye sauti laini alisimama kando yake kutafsiri. Kila alfajiri walikaa ofisini, ng'ambo ya ua, wakipitia mahubiri, na mlango waliuacha wazi. Hilo nililiona kwa macho yangu. Lakini mwenye wivu hatazami mlango.

"Na hii nayo?" Mkwe akanisogezea simu ya mumewe. Niliusoma ujumbe wa mkalimani polepole:

"Mchungaji, ukurasa wa tatu umeniliza. Hapo unaposema unaogopa, nimekuelewa. Usiogope. Mimi nipo."

"Yeye yupo," mkwe akasema. "Mimi niko wapi, stoo?"

"Sali kwanza, kisha muulize."

"Nimeshasali, Mama. Sasa nataka kupiga mtu."

Ilikuwa Jumapili. Kanisani tulikaa benchi la tatu, Kidosho katikati yetu. Mkwe wangu lugha ya pale alikuwa ameshaijua. Aliipata kwenye foleni ya bomba la maji, kwa kuchekwa na kurudia, kuchekwa na kurudia. Mumewe hakuijua hata ya kuagiza chumvi. Mtu akibebwa mgongoni, njia ataijulia wapi?

Mwanangu akasema kutoka mimbarini, "Risasi zilipoanza, nilitaka kukimbia. Mke wangu ndiye aliyeniambia tubaki. Bila yeye nisingesimama hapa."

Mkalimani akatafsiri. Watu wakaitikia amina.

Vidole vya mkwe vikanibana mkono.

"Mama, amenifuta."

"Amefanya nini?"

"Amesema, 'Nilitaka kukimbia, Mungu akaniambia nibaki.' Mke hayupo. Na si leo tu. Hii ni Jumapili ya sita nahesabu. Mwanao akisema 'mke wangu', huyu anameza."

Nilimtazama yule dada pale mbele. Alikuwa anamwangalia mwanangu kama mtu anayeota moto siku ya baridi. Lakini kanisani hapasemwi kila kitu.

Nyumbani, mwanangu hajavua hata koti, mkewe akamweleza yote.

"Haiwezekani," alisema. "Yule ni mtu wa Mungu."

"Mimi ni mtu wa nani?"

"Sasa kwa nini hukuniambia wiki ya kwanza?"

"Nilingoja ujifunze lugha usikie mwenyewe. Nimechoka kungoja." Akachukua simu, akampigia msimamizi wa usalama wa misheni. "Lile gari la kuvuka mpaka kesho saa moja asubuhi bado lina nafasi?"

"Zipo mbili, dada. Si lazima kuondoka, ni kwa anayetaka."

"Niandikie hizo mbili. Mimi na mtoto."

Mwanangu akakaa kwenye kiti chenye nguo za kupiga pasi, hata hakuzisogeza.

"Unaniacha?"

"Kwani una mke? Kanisa zima halijui."

Nilijifunga kitambaa kichwani. "Hukumu ya upande mmoja si hukumu," nikawaambia. "Twendeni kwa huyo dada, sote watatu." Kidosho tulimwacha kwa mke wa fundi seremala, jirani yetu.

Chumba cha mkalimani kilikuwa nyuma ya ghala la kanisa: kitanda, meza na kamusi iliyoachana kurasa. Alipotuona akajua. Akanivutia mimi kiti kwanza, akafuta vumbi kwa kiganja. Wema huo niliuona, hata siku ile.

"Dada," mkwe akaanza, "nimekukosea nini mpaka unanitoa kwenye kinywa cha mume wangu?"

Mwanangu akasema haraka, "Mwambie si kweli."

"Ni kweli," dada akajibu. "Mchungaji, samahani. Mnawakumbuka wale wanaume waliokuwa wanakaa viti vya nyuma? Wale hawakuja kusali. Katika kituo cha jirani walimteka mke wa mwalimu mgeni. Nikaona wakisikia Mchungaji anampenda mkewe kiasi hicho, watajua pa kumshika. Nikayaacha hayo maneno. Walidhani mkeo ni muuguzi wa Bibi."

"Muuguzi wangu!" nikasema. "Wakati hata dawa ya kikohozi ananinyima!"

Mwanangu alivuta pumzi ndefu. "Unaona? Alikuwa anakulinda."

Mkwe alikuwa anamtazama yule dada.

"Leo walikuwepo?"

Dada akainamia kamusi yake.

Nikajibu mimi, kwa sababu viti vya nyuma niliviangalia. "Leo kulikuwa na vikongwe watatu, na mmoja amelala. Wale wanaume hawajaonekana wiki ya tatu sasa. Wamehamia wilaya nyingine, hata bombani wanasema."

"Basi wiki tatu hizi ulikuwa unamlinda nani?" mkwe akauliza.

Dada akaketi kitandani, mikono mapajani.

"Nafsi yangu," akasema. "Nilizoea. Kila Jumapili, kwa saa moja, alikuwa mtu asiye na mke, na maneno yake yalikuwa yanatoka kinywani mwangu. Hajanigusa hata kidole. Hajui lolote. Kosa ni langu peke yangu."

Nilidhani mkwe atampiga. Akamgeukia mumewe badala yake.

"Si lake peke yake. Zamani mahubiri ulikuwa unanisomea mimi jikoni, nikikatiza, ukinuna. Tulipofika huku ukanipa foleni ya maji, hofu zako ukampelekea yeye na kikombe cha chai juu. Mimi nilikuambia tubaki, nikijua una ujasiri. Kumbe unaogopa! Kwa nini nisome kwenye simu?"

Mwanangu alijibu chini kwa chini. "Niliona aibu. Wewe huogopi kitu."

"Naogopa kila usiku! Nakaa kimya ili wewe ulale."

Hapo ndipo mwanangu alipolia, mtu mzima na kola yake ya uchungaji. "Nisamehe, Mama Kidosho. Usiondoke. Ukiondoka, niondoke na wewe, misheni iseme itakavyosema."

Mkwe hakusema ndiyo, lakini alimpa pembe ya kitambaa chake afute pua. Mimi ninayemjua nikajua.

"Gari la kesho nitapanda mimi," dada akasema. "Shangazi yangu yuko ng'ambo ya mpaka. Siwezi tena kusimama pale mbele."

"Na nani atanitafsiria?" mwanangu akauliza, kisha akajutia swali.

"Mimi," mkwe akasema. "Na ole wako unisahau kwenye mahubiri. Nitajiongeza mwenyewe."

Dada alicheka huku machozi yanamtoka. Usiku ule nilisikia sauti ya mwanangu jikoni, akisoma, na ya mkwe ikikatiza: "Hapo umerefusha. Toa."

Asubuhi gari lilikuja na vumbi lake. Mkwe aliibeba kamusi ya dada mpaka mlangoni mwa gari akataka kumpa.

"Baki nayo," dada akasema. "Kuna maneno bombani hawafundishi."

"Asante kwa zile wiki za mwanzo," mkwe akamwambia. "Za mwisho, nitakusamehe polepole."

"Polepole inatosha." Dereva alikuwa ameshawasha. Dada akatoa kichwa dirishani. "Ulikuja kwangu mara moja tu, dada, tena kwa hasira, sikukupa hata maji. Njia ikifunguka, njoo tena kwa shangazi. Njoo hata kama hasira haijaisha."