Aliyejibu "Sawa"

Jaribio lilifaulu, na halikupaswa kufaulu. Rukshana alikuwa amemfuta daktari bandia tangu asubuhi, lakini kwenye skrini, ambako mashine ilijibonyezea vitufe yenyewe, daktari yuleyule alikuwa bado anajibu: sawa.

Ofisi yao ya mjini Lautoka ilitengeneza programu ya zahanati. Sehemu ya programu ikihitaji kitu haikujitengenezea. Iliomba kwenye kontena, ghala la ndani ya programu linalogawa vitu, nalo likaipa. Wakati wa majaribio Rukshana aliliagiza kontena litoe bandia badala ya vitu vya kweli. Daktari huyu hakuwa mtu, ni jina tupu linalokubali kila linachoambiwa.

"Vili, nani kamrudisha huyu?"

Vilikesa wa meza ya pili akanusa hewa. "Sijagusa mimi. Halafu hii harufu ya sukari iliyoungua?"

"Si kutoka kiwanda cha sukari?"

"Msimu umeisha, dada. Kiwanda kimelala."

Simu ya Rukshana ikaita. Alikuwa Imtiaz, mumewe, akifoka: chakula, mama yake, kuchelewa. Alipokata, Rukshana aliikodolea macho skrini.

"Afadhali ningekuwa na wewe nyumbani badala yake," akamnong'oneza daktari bandia.

Jaribio likaanza lenyewe. Penye jina la daktari pakaandikika: Imtiaz.

Jioni ile Imtiaz alimfungulia mlango. Alikula malenge, ambayo hakuwahi kuyatia mdomoni.

"Jumamosi naenda Nadi kwa dada," Rukshana alimjaribu.

"Sawa."

"Na mama yako asije wiki hii."

"Sawa."

Hakupepesa macho. Shati lake lilinuka sukari iliyoungua. Rukshana aliyaona yote hayo, akacheka, akamwongezea roti.

Wakaishi hivyo, kwa raha. Kisha ukuta wa jiko ukaanza kukwaruzwa kwa ndani, kwanza taratibu kama panya, baadaye kwa nguvu, na katikati ya mikwaruzo ikaja sauti iliyozibwa ikimwita Rukshana kwa ukali aliouzoea miaka yote ya ndoa, na alipogeuka kumuuliza yule wa mezani kama anasikia, akajibiwa "sawa" na mdomo ambao haukufunguka.

Alikimbilia kwa Maulana Yakub, shehe wa Vitogo, akamsimulia yote. Mzee alikuja, akasimama mlangoni, akakunja uso.

"Umetengeneza jina lisilo na mwenyewe, binti yangu. Jini kalikuta wazi, kaingia. Nawe ukamkaribisha mezani."

"Nifanyeje aondoke?"

"Lifute tena jina kwenye programu ya kazini kwenu, safari hii nami nikisoma dua. Kisha mwite mumeo. Yeye mwenyewe, na hasira zake."

Rukshana alifungua kompyuta, akalifuta kwenye kontena. Maulana alisoma dua. Yule wa mezani alisema "sawa" mara ya mwisho, akaporomoka kama shati lililodondoka msumarini, pasiwe na mtu ndani.

"Imtiaz!" Rukshana aliita. "Imtiaz, rudi!"

Walimkuta ndani ya ukuta, nyuma ya kabati la jiko, amekonda, kucha zimevunjika, nywele zimejaa vumbi la ukuta.

"Alhamdulillahi," Rukshana alilia, akimshika.

Imtiaz aliuondoa mkono wake. Hakufoka. Kwa mara ya kwanza alizungumza naye kwa upole.

"Nilikuwa nawaona. Nakuita, nawaona. Ulijua si mimi."

"Imtiaz, mimi..."

"Siku ya kwanza tu, ulijua."

Maulana aliinamisha uso.