Machicha kwenye Mwamba

Kila asubuhi kabla ya shule, Aanyu alibeba ndoo ya machicha. Mama yake alikuwa akipika malwa, pombe ya wimbi, pale Mella, na wateja wakishakunywa, mabaki ya wimbi yalipelekwa kwa nguruwe wa bibi, ng'ambo ya kijito. Ndoo ilikuwa nzito na njia ilikuwa ya kupanda. Aanyu, ambaye miguu yake ilipenda mpira kuliko ndoo, alijitafutia nafuu. Aliyamwaga machicha kwenye mwamba kando ya kijito, kisha akakimbilia uwanjani. Tumbili walishuka kutoka kwenye mikuyu wakayagombania, naye akawacheka. Bibi alipouliza, alimjibu kwamba siku hizi malwa hayana wanywaji.

Jumamosi moja alikuta watu wamejaa kijitoni. Tumbili watatu walikuwa wamelala chini ya mkuyu, matumbo yamevimba, mikia imelowa kinyesi cha majimaji. Mjomba Ecodu, kaka wa mama yake, alishika kamba za mbwa wake. Wanaume wengine walikuwa na mikuki.

"Hii ni ugonjwa," Ecodu alisema. "Watoto yetu nakunywa maji hapa. Leo tunamaliza tumbili yote."

Daktari Mildred, daktari wa wanyama kutoka Tororo, alisimama mbele ya mbwa. "Ngojeni kwanza, wazee. Kuna mtu anawalisha hawa?"

 Aanyu alirudi nyuma ya watu. Akisema, mama atajua, na bibi atajua kwamba alidanganywa. Juu ya mkuyu, tumbili mmoja alimkumbatia mtoto wake, akiwatazama mbwa.

"Mficha maradhi, kilio humuumbua," daktari alisema. "Mkinificha, nitatibu nini?"

"Ni mimi," Aanyu alinong'ona. Hakuna aliyemsikia. Mbwa walibweka, na Ecodu akaanza kulegeza kamba.

Aanyu alichomoka akasimama mbele ya mbwa. "Mjomba, usiwaachie! Ni mimi! Mimi nawapa machicha ya malwa kila siku!"

"Machicha?" Ecodu alifoka. "Nguruwe si anakula na hafi? Mtoto nadanganya!"

Daktari alichukua kijiti, akachokoa kinyesi. Kilijaa maganda ya wimbi.

"Hadanganyi, mzee. Tumboni mwa kila mnyama kuna bakteria, viumbe wadogo wasioonekana kwa macho. Wengi wao humsaidia kusaga chakula, na chakula anachokula ndicho kinachowalea. Nguruwe wa nyumbani amezoea mabaki tangu utoto. Tumbili wa porini hula kuyu, majani, hata panzi. Akishiba machicha kila siku, bakteria wa majani hukosa chakula wakapungua, wale wa machicha wakazidi. Tumbo linachacha na kuvimba."

"Na kama ni ugonjwa kweli?" Ecodu aliuliza, kamba bado mkononi.

"Kinyesi hiki nakwenda kukipima. Mpaka majibu yaje, chemsheni maji, na msiwaguse tumbili."

 Ecodu aliwavuta mbwa, akarudi nyumbani.

Majibu yalipokuja, hapakuwa na ugonjwa wa kuambukiza. Tumbili wawili walipona polepole, wakarudia kuyu na majani yao. Yule wa tatu, mdogo kuliko wote, hakuinuka tena. Aanyu alimlilia sana, kisha akaenda kumwomba bibi msamaha.

Mama hakumchapa. Asubuhi iliyofuata alibeba ndoo ya pili, wakaenda pamoja. Walipofika kwenye mwamba, tumbili walishuka wakitazamia chakula. Aanyu alisita.

"Umewaona?" mama alisema. "Kazi ukiimwaga njiani, mwanangu, kuna atakayeila. Na ukweli ukiuchelewesha, kuna atakayeumia."

Aanyu alihamishia ndoo mkono wa pili, akaendelea kupanda kwenda kwa bibi.